Steringi asiyeweza kufa: jibu kwa msomaji wa Ngamiani kuhusu filamu za mashujaa na za katuni

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Tangu ujana wangu ni mpenzi wa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, lakini baada ya Avengers: Endgame ya mwaka 2019, kila mpya ninayoianza naishia katikati. Cha kushangaza, katuni ninazowawekea watoto ndizo zinazonishika mpaka mwisho. Wenzangu wa barazani wanasema nimezeeka, na kwamba filamu iliyoingiza dola bilioni moja haiwezi kuwa mbaya. Je, kasoro ni yangu au ni ya filamu? Na mtu atoeje maoni kuhusu filamu bila mjadala kugeuka ubishi wa Coastal Union na African Sports? La mwisho, mwanangu wa miaka sita aliogopa sana mbwamwitu wa Puss in Boots: The Last Wish. Nimzuie asiitazame tena?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la uzee, maana ndilo jepesi. Mtu akizeeka kwa maana wanayoikusudia wenzako, huchoshwa na kila kinachopita kwenye kioo, akabaki kusifia vya zamani. Wewe umechoshwa na aina moja ya filamu, na papo hapo ukapata aina nyingine inayokuweka macho mpaka majina ya wasanii yapite. Kasoro si yako. Iko kwenye filamu, ingawa si zote, na nitajaribu kukuonyesha iko mahali gani hasa. Kwa maoni yangu, filamu nyingi za mashujaa zilizotoka baada ya 2019 zimeacha kumdai shujaa chochote, na zaidi ya yote zimekifanya kifo kiwe safari ya kwenda na kurudi. Ilhali filamu bora za katuni za kipindi hichohicho, ambazo watu wazima tumezoea kuzipuuza, zimekishika kifo, hofu na upweke barabara na kuvifanya kiini cha hadithi.

Wenzako watakujibu kwamba hata zamani steringi alikuwa hafi. Ni kweli. Waliokuwa wakijipanga nje ya Majestic pale Tanga kwenda kutazama filamu za Kihindi, na waliokuja baada yao kubanana kwenye mabenchi ya vibanda umiza, wote waliingia wakiijua kanuni hiyo. Lakini walijua pia kwamba steringi atapigwa, atafiwa na ndugu, atatenganishwa na mama yake, na adui atatamba kwa saa mbili nzima kabla ya kupata malipo yake. Mashaka ya mtazamaji hayakuwa juu ya kupona kwa steringi, bali juu ya kile atakachobaki nacho baada ya kupona.

Na pwani yetu ina shujaa ambaye hadithi yake ni kali kuliko hizo. Fumo Liyongo, kama anavyosimuliwa katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, alikuwa mtu ambaye silaha hazikumdhuru, isipokuwa sindano ya shaba ikimpata kitovuni. Siri hiyo aliitoa kwa mwanawe mwenyewe, na mwanawe, akiwa amerubuniwa na mfalme, akamchoma akiwa amelala. Liyongo aliamka na maumivu yake, akaenda hadi karibu na kisima, akapiga goti, akatia mshale kwenye upinde, akafa katika hali hiyo. Na watu wa mji, kwa kumdhania hai, wakakaa siku kadhaa bila kuthubutu kwenda kuteka maji, mpaka mama yake alipotumwa kumsihi. Tazama jinsi hadithi ilivyojengwa. Nguvu zote za Liyongo zinapimwa kwa kitovu kile kimoja, na likishatendeka limetendeka. Hakuna Liyongo wa pili anayetoka upande mwingine wa dunia akitabasamu ili utenzi uendelee.

Sasa rudi kwenye filamu ulizozipenda. Kuanzia Iron Man ya 2008 hadi Endgame, studio ya Marvel ilitoa filamu 22, na ukizitazama kwa mfuatano utaona kwamba kwa miaka 11 walikuwa wakilimbikiza deni. Tony Stark, ambaye ndiye Iron Man, alianza kama muuza silaha asiyejali, akawa na marafiki, akagombana nao, akaoa, akapata binti, na alipokufa mwaka 2019 mtazamaji alihesabu kila kilichokuwa kinapotea. Ndiyo maana ukumbi ulikaa kimya. Kifo kile kilikuwa na thamani kwa sababu kilionekana hakina njia ya kurudi.

Baada ya hapo ikaja hadithi ya malimwengu mengi, kwamba kila mtu ana nakala zake zisizohesabika katika dunia nyingine, na akifa wa hapa anaweza kuletwa wa kule. Si wazo baya kwa asili yake. Nitakuonyesha mbele kidogo filamu ya katuni iliyolitumia kwa ustadi mkubwa. Tatizo ni kwamba katika filamu nyingi za kuigizwa na watu lilitumika kama mlango wa nyuma. Mwezi Julai 2024, mjini San Diego, ilitangazwa kwamba Robert Downey Jr., aliyekuwa Tony Stark, atarudi akiigiza adui aitwaye Doctor Doom. Mtu atasema huyo ni mhusika mwingine kabisa, na kwa mujibu wa karatasi yuko sahihi. Lakini macho ya mtazamaji hayasomi karatasi. Yanamwona yuleyule waliyemlilia.

Onyesho linalonishawishi zaidi kuhusu jambo hili ni lile la mwanzo wa Deadpool & Wolverine ya 2024. Kumbuka kwamba Wolverine, aliyeigizwa na Hugh Jackman, alikuwa amekufa katika Logan ya 2017, filamu ya huzuni iliyofungwa kwa kaburi porini. Filamu ya 2024 inaanza na Deadpool, shujaa wa mizaha, akifukua kaburi lilelile. Anakuta mifupa ya chuma, anaizungumzia kwa mzaha, kisha maadui wanapofika anaing'oa na kuwachoma nayo mmoja mmoja, huku muziki wa dansi ukipigwa na yeye mwenyewe akicheza katikati ya damu. Limepangwa kwa ustadi na linachekesha, sikatai, nami nilicheka. Lakini lilisema waziwazi kile ambacho filamu nyingine zilikuwa zikikifanya kwa aibu: kwamba kaburi la shujaa ni stoo ya vifaa. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Mtazamaji aliyekwisha kuoneshwa kwamba kaburi hufukuliwa kwa mzaha ataogopea nini shujaa wa filamu inayofuata akielekezewa bunduki?

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya kiwandani. Mwaka 2021 peke yake Marvel ilitoa filamu nne na tamthilia tano za mtandaoni, na ukikosa moja huelewi nyingine. Mtu anayerudi kazini saa moja usiku hana nafasi ya kuzifuata zote kama masomo. Mnamo Mei 2024 Bob Iger, mkuu wa wakati huo wa Disney, kampuni inayoimiliki Marvel, alieleza kwamba wataipunguza kasi hiyo mpaka filamu mbili, zisizidi tatu, kwa mwaka. Kwa upande wa mafundi wa picha za kompyuta, kazi yao mara nyingi hubadilishwa wakati tarehe ya kutoka filamu imeshatangazwa, sawa na mpishi wa harusi anayeambiwa saa ya kupakua kwamba pilau igeuzwe biriani. Septemba 2023 mafundi walioajiriwa na Marvel yenyewe walipiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, jambo ambalo watu hawalifanyi wakiwa wameridhika. Unapoona pambano la mwisho ambalo kila kitu ni moshi wa kijivu na mwanga wa zambarau, ujue si lazima mwongozaji alikosa kipaji. Huenda kilichokosekana ni muda.

Hata hivyo usiitupe aina nzima. Black Panther: Wakanda Forever ya 2022 ina mapungufu, ni ndefu na katikati inalega, lakini ina kitu ambacho nyingine hazina: kifo cha kweli. Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme wa Wakanda katika filamu ya kwanza, alifariki dunia tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, na waliotengeneza filamu wakaamua kutomweka mwigizaji mwingine mahali pake. Filamu inaanza na Shuri, dada yake mfalme, akihangaika maabara kutafuta dawa. Ana akili kuliko wote, ana mashine ambazo dunia haijawahi kuziona, na mama yake anaingia kumwambia kwamba kaka yake ameshafika kwa wahenga. Kisha maziko, watu wote wamevaa nyeupe. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, uwezo wa shujaa ulikuwa na mpaka, na kila tendo la Shuri baada ya hapo, pamoja na hasira yake, linatokana na mpaka huo. Ruth E. Carter alipata tuzo ya Oscar ya mavazi kwa filamu hiyo kama alivyoipata kwa ile ya kwanza ya 2018. (Ile ya kwanza, ukiitazama ukiwa hapa Bagamoyo, mahali ambapo misafara ya pembe na watumwa ilimalizia safari, lile ombi la Killmonger, adui wa filamu hiyo, kwamba azikwe baharini pamoja na wahenga wake waliojirusha kutoka merikebuni lina uzito ambao sidhani kama waandishi wenyewe waliufikiria.)

Superman ya James Gunn, ya 2025, nayo inastahili saa zako mbili. Haikusimulii tena sayari iliyolipuka na mtoto aliyeokotwa. Inaanza na Superman akianguka kutoka angani kwenye theluji, akiwa ameshindwa pambano kwa mara ya kwanza, akitema damu, akipiga mbinja kwa shida ili mbwa wake aje amvute. Na mbwa mwenyewe hana adabu: anafika na kumrukia bwana wake aliyevunjika mbavu, akidhani ni mchezo. Dakika chache tu, na tayari umejua kwamba mwenye nguvu huyu huumia. Mbele ya safari filamu inajaza watu na vitu vingi mno kwa ladha yangu, lakini mwanzo ule umeshafanya kazi ambayo baadhi ya filamu hazikuifanya kwa saa tatu.

Nije kwenye katuni, ambako ndiko moyo wako umehamia. Katika filamu ya kuigizwa, kamera ikiwashwa vitu vingi huingia vyenyewe: upepo, kivuli, mkunjo wa shati. Katika katuni hakuna kinachoingia chenyewe. Kila jani limewekwa na mtu aliyeamua liwepo, na kwa kuwa kila sekunde ni ghali, hadithi huchorwa kwanza kwa michoro ya mkono, ikapangwa, ikatazamwa, ikavunjwa na kuchorwa upya, mara nyingi kwa miaka, kabla picha za mwisho hazijaanza kutengenezwa. Ndiyo maana katuni nzuri huwa haina onyesho la bure.

Chukua Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018, iliyopata Oscar ya filamu bora ya katuni. Hii ndiyo niliyosema imelitumia vizuri wazo la malimwengu mengi. Filamu kwa kawaida hupita picha 24 kwa sekunde. Miles Morales, kijana anayejifunza ushujaa, katika sehemu kubwa ya mwanzo amechorwa kwa picha 12 kwa sekunde, kila moja ikikaa mara mbili, wakati Peter Parker, Spider-Man mkongwe anayeruka pembeni yake kule msituni amechorwa kwa picha 24. Jicho la kawaida halihesabu, lakini linahisi: mmoja anateleza hewani, mwingine anakwama-kwama. Miles anapokomaa, mwendo wake nao unalainika. Ugeni wake umewekwa ndani ya mwendo wa mwili, pasipo mtu kusema neno. Halafu lipo lile ruko lake kutoka juu ya jengo. Vidole vyake vimeng'ang'ania kioo kwa hofu, anaruka kabla hofu haijamtoka, na vipande vya kioo vinaondoka naye vikiwa vimebaki vidoleni. Kisha picha inageuzwa juu chini, kiasi kwamba anaanguka lakini wewe unamwona akipaa kuelekea mji. Hofu na ujasiri vimo katika picha moja, na vipande vile vya kioo ndivyo ushahidi wa hofu. Sijaona ruko la shujaa wa kuigizwa linalokaribia hilo.

Ya pili yake, Across the Spider-Verse ya 2023, inakwenda mbali zaidi kwa rangi. Dunia ya Gwen, rafiki yake Miles, imepakwa kama rangi ya maji, na anapozungumza na baba yake kuta zinabadilika kulingana na jinsi moyo wake unavyobadilika. Na kiini chake ni hoja yetu hii hii: Miles anaambiwa kwamba baba yake lazima afe kwa sababu hadithi ya kila Spider-Man inadai hivyo, naye anakataa. Lawama yangu ni kwamba inakatika katikati baada ya dakika 140. Mtu aliyelipa kiingilio ana haki ya kupata mwisho.

Puss in Boots: The Last Wish, ya 2022, ndiyo ningeiweka mbele ya wenzako wa barazani kama ushahidi wa kwanza. Paka yule shujaa, ambaye kwa simulizi za kwao ana roho tisa, amezichezea nane kwa ulevi na majigambo, imebaki moja. Baani anakutana na mbwamwitu aliyejifunika kofia, mwenye miundu miwili, anayepiga mbinja taratibu. Wanapigana, na kwa mara ya kwanza Puss anachanjwa. Picha inasogea karibu: tone moja la damu linateremka kutoka kwenye paji la uso, manyoya yanasimama, macho yanapanuka, na shujaa ambaye hajawahi kukimbia anatorokea kwenye tundu la choo. Huyo mbwamwitu ni Kifo mwenyewe, na filamu haimfichi. Baadaye msituni Puss anashikwa na hofu mpaka pumzi zinamkata, na mbwa mdogo aliyekuwa akimdharau anakuja, hasemi kitu, anamlazia kichwa mwilini mpaka mapigo ya moyo yanatulia. Mwishoni Puss hamshindi Kifo. Anaokota upanga wake na kumwambia kwamba anajua hawezi kumshinda, ila maisha haya moja yaliyobaki atayapigania. Na Kifo anaondoka huku akiahidi kwamba watakutana tena. Linganisha na lile kaburi lililofukuliwa. Filamu ipi hapo ni ya watu wazima?

The Wild Robot ya 2024 imeongozwa na Chris Sanders, na sauti ya roboti Roz ni ya Lupita Nyong'o, Mkenya mwenzetu wa Afrika Mashariki. Sikiliza kazi ya sauti ile: mwanzo ni ya mhudumu wa wateja, changamfu na tupu, na kadiri Roz anavyomlea kifaranga wa bata bukini sauti inashuka, inapata mikwaruzo, inaanza kusita, wala huwezi kutaja dakika ilipobadilika. Usisahau kwamba Roz ndiye aliyekiangukia kiota na kuua jamaa ya kifaranga huyo; likabaki yai moja. Mlezi ndiye chanzo cha uyatima. Waandishi wangeweza kukwepa jambo hilo na watoto wasingelalamika.

Flow, filamu ya Latvia iliyoongozwa na Gints Zilbalodis, haina neno hata moja la mazungumzo. Paka, mbwa, komba wa Madagaska, panya mkubwa wa mitoni wa Amerika Kusini na ndege wa miguu mirefu wa mbugani kwetu wanajikuta kwenye mashua moja wakati gharika imefunika dunia. Mtu wa pwani ataitazama kwa jicho lake mwenyewe: nani anashika usukani (ni yule ndege), tanga linavyojaa, mashua inavyogota kwenye matawi ya miti iliyozama. Ilitengenezwa kwa programu ya Blender, ambayo mtu yeyote anaipata bure, kwa gharama ya takriban euro milioni 3.5.

Hapo ndipo pa kuwajibu wenzako kuhusu dola bilioni. Machi 2025 Flow ilishinda Oscar ya filamu bora ya katuni, na miongoni mwa ilizozishinda ilikuwemo Inside Out 2, iliyoingiza karibu dola bilioni 1.7. Sisemi Oscar ni msahafu, na Inside Out 2 si filamu mbaya; lile onyesho la Wasiwasi, hisia iliyofanywa mhusika, akizunguka kama kimbunga kichwani mwa binti ni la kweli kabisa. Ninachosema ni kwamba mapato hueleza watu wangapi walikata tiketi, na tiketi hukatwa kabla ya kutazama. Ne Zha 2 ya China ilivuka dola bilioni mbili mwaka 2025, ikiwa filamu ya katuni ya kwanza kufika hapo, na sehemu kubwa mno ya fedha hizo ilitoka China peke yake. Hesabu hiyo inakuonyesha ukubwa wa soko na mapenzi ya Wachina kwa hadithi yao ya kale.

Tena wakumbushe The Lion King ya 2019. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, na karibu yote ilitengenezwa kwa kompyuta ili ifanane na picha halisi za mbugani. Ilifanana mno. Simba wa kweli hana uso wa kulia, na kwa hiyo Simba mdogo anaposimama mbele ya maiti ya baba yake, uso wake haukuambii chochote ambacho ungekikosa kwenye filamu ya wanyama. Ya 1994, iliyochorwa kwa mkono, ilimpa nyusi, midomo na mabega yanayolegea. Kwa hiyo katuni nayo huharibika, hasa inapoona aibu kuwa katuni.

Kuhusu namna ya kutoa maoni, ushauri wangu ni mmoja, nao una matawi: zungumzia onyesho, usizungumzie jina. Ukisema "Marvel wameisha", umeanzisha Coastal Union na African Sports, kwa sababu mwenzako anatetea jezi. Ukisema "lile pambano la mwisho sikuelewa nani anataka nini, wewe ulielewaje?", amelazimika kurudi kwenye picha. Wazee wa vibanda umiza waliujua utaratibu huu bila kufundishwa. Mtafsiri kama Lufufu, ambaye sauti yake ilisikika juu ya filamu nyingi za kigeni zilizotiwa Kiswahili, hakutafsiri tu. Alimsema steringi palepale alipokosea, akamkejeli adui, na watazamaji wakamjibu. Maoni yalifungwa kwenye tukio linaloonekana, na yeyote aliyebisha aliweza kunyoosha kidole kwenye kioo.

Mkishindwa kukubaliana, zimeni sauti. Chagueni dakika tatu za pambano lolote mzitazame kimya. Filamu iliyotengenezwa kwa fikra bado itaeleweka: nani anaogopa, nani anadanganya, kitu gani kitapotea. Ile iliyobebwa na ngoma na milipuko itabaki watu wakirushana. Na mruhusu mwenzako apende filamu dhaifu. Kupenda ni jambo moja, kupima ni jambo jingine. Ninazo filamu kadhaa mbovu nisizokubali zifutwe kwenye flashi yangu.

Ukipata nafasi, itafute Kizazi Moto: Generation Fire ya 2023, mkusanyo wa katuni fupi kumi za wasanii wa Afrika, ambao mmoja wa wasimamizi wake ni Peter Ramsey, mwongozaji mmojawapo wa ile Spider-Verse ya kwanza. Anza na Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda na Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya. Hazilingani ubora, na ufupi wake unazibana, lakini mashujaa wake wanachunga ng'ombe na wanalipia makosa yao. Kwa watoto, Ubongo Kids ya Dar es Salaam ni shule nyingine, ya hesabu na sayansi. Hiyo najua unayo.

Sasa mwanao. Usimzuie moja kwa moja, ila usimlazimishe pia. Mbwamwitu yule ameundwa aogopwe, na mtoto wa miaka sita aliyeogopa ameielewa filamu sawasawa. Nchini Marekani imepewa alama ya PG, yaani mzazi awepo, na hapo neno kubwa ni kuwepo. Mwache mwaka mmoja au zaidi, kisha itazameni pamoja mchana, ukimwambia mapema kwamba mbwamwitu atakuja na kwamba paka atabaki hai. Katika umri wake kuujua mwisho kunamtuliza. Mkifika kwenye lile onyesho la msituni usiruke mbele, kwa sababu ndilo linalomwonyesha hofu inavyotulizwa. Kilicho cha kuzuia kabisa nyumbani kwako ni kile ambacho wala hujakiuliza. Deadpool anavaa vazi jekundu la kubana linalofanana na la Spider-Man, na kwenye orodha ya filamu za banda la flashi picha zao hukaa jirani. Mtoto akichagua kwa rangi anaweza kuondoka na ile ya kaburi, ambayo kwa Marekani ina alama ya R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Folda za watoto zipange wewe mwenyewe, usimwachie kijana wa bandani.